Kiongozi akishaondoka madarakani, kumbukumbu yake hubaki mikononi mwa nani? Niliyoyasikia jukwaani Sokoine, Mbeya

#1. Mwanzisha uzi, Mbeya mjini

Ndugu zangu, salamu kutoka Mbeya.

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama mpira katika uwanja wa Sokoine, na kwa kuwa nilifika mapema nilikaa jukwaani karibu na vijana wawili waliokuwa bado wamevaa sare za sekondari. Niliwauliza, bila nia ya kuwatahini, kama wanamfahamu mtu ambaye uwanja ule umepewa jina lake. Wa kwanza alisema kwamba Sokoine alikuwa mchezaji wa zamani wa Taifa Stars. Mwenzake alimsahihisha kwamba alikuwa waziri mkuu na kwamba alifariki kwa ajali ya gari, kisha akanyamaza, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa anajua mwisho.

Mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele yetu, kumbe alikuwa akisikiliza. Aligeuka, akawaamkia vijana wale kabla wao hawajamwamkia, akaanza kuwaeleza habari za mwaka 1983: jinsi sukari na sabuni zilivyopatikana kwa foleni au kwa kufahamiana na mwenye duka, jinsi Edward Moringe Sokoine alivyorudi kwenye uwaziri mkuu mwaka huo na msako wa wahujumu uchumi ukaanza, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuta asubuhi moja robota la khanga limetupwa korongoni, na mwenye mali asijitokeze hata mmoja. Alieleza pia siku ya Aprili 12, 1984, redio ilipotangaza kwamba waziri mkuu amefariki kwa ajali huko Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma, na jinsi mama yake alivyoketi sakafuni jikoni na mwiko ungali mkononi, ugali ukaungua.

Kabla hajamaliza, mzee mwingine aliyekaa naye alimkatiza. Alisema kwamba yeye anaukumbuka msako ule kwa namna nyingine, kwa kuwa mjomba wake, mchuuzi wa baiskeli, alikamatwa na mgambo akiwa na doti nane tu za khanga, akakaa ndani miezi kadhaa pamoja na walanguzi wenye maghala. Wazee wale walibishana kwa heshima lakini kwa ukali, kila mmoja akimwita mwenzake "mzee mwenzangu" huku akikanusha kila alichosema. Mpira ukaanza, na wale vijana wakawa hawatazami uwanjani.

Nimelifikiria jambo lile kwa siku nyingi, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Jina la Sokoine limekaa juu ya lango la uwanja ule kwa miaka mingi na vijana wale walikuwa wakipita chini yake kila wiki, lakini halikuwaambia kitu. Waliomrudisha mtu yule mbele yao ni wazee wawili ambao hawakukubaliana juu yake. Ninaamini kwamba kiongozi huendelea kuishi katika kumbukumbu za watu kwa muda ule ambao walioishi chini ya utawala wake bado wanabishana juu yake mbele ya wale ambao hawakuwapo, na kwamba ubishi ukishakwisha, hata kwa sababu nzuri ya kuwa kila mtu amekubali kumsifu, jina huanza kugeuka kuwa jina la mahali.

Mtazameni Mwalimu Nyerere. Aliondoka Ikulu Novemba 1985 kwa hiari yake, jambo ambalo marais wachache sana wa Afrika walikuwa wamelifanya wakati huo, Senghor wa Senegali akiwa mmojawapo mwaka 1980. Alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, kisha akawa mzee wa Butiama. Alipoondoka, maduka yalikuwa matupu, na watu wengi walikuwa wamechoka. Lakini aliishi miaka 14 zaidi, na katika miaka hiyo aliendelea kusema. Mei Mosi 1995, hapa hapa Mbeya, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, alisimama mbele ya wafanyakazi akazungumza kwa ukali juu ya rushwa, udini na ukabila, na juu ya mtu wa namna gani anastahili kukabidhiwa Ikulu. Sauti ya siku ile ndiyo inayozunguka katika simu zetu kila uchaguzi unapokaribia, na vijana ambao walizaliwa baada ya kifo chake cha Oktoba 14, 1999 wanaijua hadi mahali alipositisha ili watu wacheke.

Kwa maoni yangu, Nyerere anayekumbukwa zaidi leo ni mstaafu, yule mzee mwenye fimbo ndogo anayewakemea waliomfuata. Rais wa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, amefunikwa na mzee huyo. Bibi mmoja jirani yetu, aliyehamishwa wakati ule, alikuwa akiitaja mibuni aliyoiacha kana kwamba ni watoto, mbuni mmoja mmoja, ule wa karibu na kisima, ule uliopandwa mwaka wa harusi. Bibi huyo huyo alijifunga khanga nyeusi wiki nzima Mwalimu alipofariki. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba anajipinga mwenyewe. Sasa ninaona kwamba yeye ndiye aliyemkumbuka Nyerere mzima, na sisi tuliobaki na sauti ya kwenye simu tumebaki na nusu.

Mzee Mwinyi, rais aliyemfuata Nyerere, alipofariki Februari 29, 2024, akiwa na umri wa miaka 98, nilipita soko la Mwanjelwa siku iliyofuata. Mama mmoja muuza mitumba alikuwa akimwombolezea kwa kazi yake: alisema kwamba bila ruksa ya Mzee Ruksa, kama alivyoitwa kwa kuruhusu biashara, asingekuwa na meza pale, na asingesomesha mtoto. Wapo waliomlaumu alipokuwa madarakani kwa kulegeza kamba mno, Nyerere mwenyewe akiwa miongoni mwao. Lakini muda umempa Mwinyi kitu ambacho madaraka hayakumpa, nacho ni kwamba watu wamerudi nyuma wakakumbuka tendo la miaka ya 1970, alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya mahabusu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa yeye binafsi hakuwagusa. Tendo lile lilikuwa dogo katika magazeti ya wakati wake, na limekua kila mwaka ambao hakuna mwingine aliyelirudia.

Mkapa naye alisemwa sana kwa ubinafsishaji, na hapa kwetu wapo wanaolitaja jina lake kwa uchungu kila wanapopita mbele ya kiwanda kilichofungwa. Lakini katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alikiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yalikuwa doa katika utawala wake. Ninaiheshimu sana hatua hiyo. Kiongozi anayeandika kosa lake mwenyewe anawaachia waliobaki nafasi ya kumjadili kwa haki.

Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa ninyi wa Iringa, Njombe, Songwe na Kyela. Huko mliko, nani anakumbukwa, na anakumbukwa na nani?

#2. Mchangiaji, Iringa

Kamwene, mkuu. Umenigusa, kwa sababu sisi wa Iringa tunaishi na jambo hili kila siku.

Tuna Chuo cha Ualimu Kleruu. Nimesoma pale, na kwa muda wote wa masomo hakuna aliyewahi kutueleza darasani kwamba Dkt. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa aliyepigwa risasi Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971 na mkulima Saidi Mwamwindi, katika mgogoro wa mashamba wakati vijiji vya ujamaa vikianzishwa, wala kwamba mkulima yule aliuchukua mwili akaupeleka mwenyewe polisi mjini, akahukumiwa na kunyongwa. Niliyajua hayo baadaye, kwa kukaa na watu wa Isimani. Chuoni kuna jina bila habari, na kijijini kuna habari ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Watu wawili walikufa kwa sababu ya jambo lile na familia mbili zilibaki na msiba, na mimi kama mwalimu ninaona ni aibu kwamba hatujaweza kulifundisha bila kuogopa kwamba tutaonekana tunamtetea mmoja wao.

Kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, nitasema jambo moja tu ambalo wengi hulipita. Aliwashinda Wajerumani Lugalo Agosti 17, 1891, akajipiga risasi Julai 19, 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Baada ya vita kuu ya kwanza, Waingereza waliingiza suala la fuvu hilo katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, na hata hivyo halikurudi hadi Juni 1954, gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, pale Kalenga. Jiulizeni kwa nini serikali ya kikoloni ilijisumbua kumrudisha shujaa aliyepigana na wakoloni. Ilihitaji utiifu wa Wahehe, na adui wa Mjerumani alikuwa rafiki mzuri kwa Mwingereza. Baada ya uhuru taifa nalo lilimhitaji, likaipa kambi ya jeshi ya Dar es Salaam jina la Lugalo, na Adam Sapi mwenyewe akawa Spika wa Bunge mwaka 1962. Mkwawa ni mmoja tu, lakini kila aliyekuja baada yake alichukua sehemu aliyoihitaji.

Nikiwapeleka wanafunzi Kalenga, wakisimama mbele ya kile kisanduku cha kioo hunyamaza wote, hata wale watundu. Fuvu ni dogo kuliko walivyotarajia. Huwa ninawaacha wanyamaze muda mrefu kabla sijasema neno.

#3. Mchangiaji, Mbarali

Ninaongeza kwa ufupi, na sitaki ndugu zangu wa Iringa wachukie. Huku Usangu bibi zetu walisimuliwa Wahehe kama watu waliowafukuza. Merere, chifu wa Wasangu, na watu wake waliondolewa katika nchi yao wakaenda kukaa Utengule, upande wa Mbeya, na Wajerumani walipokuja Wasangu walishirikiana nao ili warudi nyumbani. Vitabu vya shule vinalitaja jambo hilo kama usaliti, pale vinapolitaja. Kwa mtu aliyefukuzwa kwake, lilikuwa ni kurudi kwake. Ninamheshimu Mkwawa, lakini kumbukumbu yake ya kitaifa imejengwa kwa kuwanyamazisha jirani zake.

#4. Mchangiaji, Kyela

Sisi wa mpakani tunawajua marais wa nchi tatu, kwa hiyo nitaeleza yale ya ng'ambo.

Kamuzu Banda aliitawala Malawi kwa miaka 30, akashindwa kwenye uchaguzi wa 1994. Ndugu zetu waliokuwa wakivuka mto Songwe miaka ile walikuwa hawalitaji jina lake bila kutazama nyuma. Alishitakiwa kwa mauaji ya mawaziri watatu na mbunge mmoja yaliyotokea mwaka 1983, akaachiwa huru mahakamani 1995, akafariki 1997. Serikali ya Muluzi, aliyemshinda, ilikuwa imeondoa jina lake kwenye uwanja wa ndege wa Lilongwe na kwenye uwanja wa mpira wa Blantyre. Kisha akaja rais mwingine, Bingu wa Mutharika, akayarudisha, na mwaka 2006 likafunguliwa kaburi kubwa la mawe katikati ya Lilongwe, na Mei 14 ikawa Siku ya Kamuzu. Ndani ya miaka isiyozidi kumi na miwili mtu yule yule alifutwa ukutani na kuandikwa tena, na yeye katika muda huo hakufanya lolote jipya. Aliyebadilika ni mwenye brashi.

Kaunda ni habari nyingine kabisa. Alitawala Zambia kwa miaka 27, akashindwa na Frederick Chiluba mwaka 1991, akakubali. Waliomfuata walimtesa: alikamatwa Desemba 1997, na mwaka 1999 mahakama ilimtangaza kuwa si raia wa nchi aliyoiongoza kwenye uhuru, uamuzi ambao haukudumu. Hakujibu kwa kisasi. Alitumia uzee wake kuhimiza watu wapime UKIMWI, yeye ambaye mwaka 1987 alikuwa ametangaza hadharani kwamba mwanawe amefariki kwa ugonjwa huo, wakati ambapo viongozi wengine hawakuthubutu kuutaja. Alipofariki Juni 17, 2021, baba yangu, aliyefanya kazi ya kutandika reli ya TAZARA akiwa kijana, alikwenda stesheni ya Mbeya akasimama pale kwa muda. Treni haikuwepo. Alisema alitaka tu kusimama karibu na kitu ambacho Kaunda na Nyerere walikifanya pamoja.

#5. Mchangiaji, Njombe

Nimesoma yote kwa makini na ninaomba kupingana na mwanzisha uzi kwa heshima.

Unasema kwamba kiongozi huishi kwa kubishaniwa. Mimi ninaona hatari katika wazo hilo, kwa sababu wanaobishana ni wenye sauti, na wenye sauti huwa ni wanaume wa mjini, wanachama wa vyama na wenye simu. Mama aliyejifungua salama kwa sababu barabara ya lami ilifika kijijini kwake habishani na mtu, lakini anakumbuka. Vilevile ubishi unaweza kuwa wa ushabiki tu. Tazama tunavyomjadili hayati Magufuli tangu alipofariki Machi 17, 2021: upande mmoja unataja barabara, reli, bwawa la Rufiji na nidhamu maofisini, upande mwingine unataja mikutano ya siasa iliyozuiwa, vyombo vya habari vilivyofungiwa na namna tulivyopita katika korona, na pande hizo mbili hazisikilizani hata kidogo. Ubishi upo mwingi. Kumbukumbu, kwa maana ya kujua kwa haki alichokuwa, sina hakika kama ipo. Yeye pia hakupata nafasi aliyoipata Nyerere, Mwinyi na Mkapa, ya kuishi miaka kadhaa kama raia na kuonekana ni mtu wa namna gani bila ving'ora.

#6. Mwanzisha uzi

Mwalimu wa Iringa, ndugu wa Mbarali, Kyela na Njombe, ninawashukuru. Nimerudi kusoma mara mbili kabla ya kujibu.

Ndugu wa Njombe, umenirekebisha mahali pa haki. Nilipaswa kutofautisha ubishi wa watu waliopitia jambo na ubishi wa watu waliochagua upande. Wazee wa jukwaani walikuwa na robota la khanga na doti nane za khanga. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokiona kwa macho, na ndiyo maana vijana waliwasikiliza. Sisi wengi tunapojadiliana juu ya viongozi wa karibuni tunarushiana majina tu. Na uliyosema juu ya mama aliyejifungua salama yamenikumbusha jambo la kijijini kwetu, chini ya mlima Rungwe.

Kuna bomba la maji pale njia panda, na pembeni yake jiwe la uzinduzi lenye jina la kiongozi aliyekata utepe. Rangi imefifia, herufi za mwisho zimemeguka, na wanawake hulitumia jiwe hilo kuwekea ndoo wakati wa kujitwisha. Hakuna anayemtaja kiongozi yule. Wanayemtaja ni mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, ambaye alikwenda nyumba kwa nyumba akiwa na daftari la kuandika nani amechimba mita ngapi za mtaro, na ambaye katika daftari lake jina la kwanza lilikuwa la mke wake. Kwenye jiwe hayupo. Wanawake wa pale humtaja hata wanapogombana kwenye foleni: "angekuwepo fulani, msingeruka zamu hivi." Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kwa sababu nilikuwa nikiwafikiria wakubwa tu.

Wapo hata kati ya wakubwa wa kwetu waliobaki hivyo. Kila Agosti maelfu ya watu huenda kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, na wengi hawajui kwamba Mandela, alipopita Mbeya mwaka 1962 akitoroka kwao kutafuta msaada wa Afrika, alimsubiri Mwakangale huyo, mbunge wa TANU wakati ule, hotelini, akashangaa kuona weusi na weupe wamekaa pamoja barazani. Mandela ameyaandika katika kitabu cha maisha yake. Sisi wenyewe hatujaweka hata kibao.

Ndugu wa Mbarali, sina cha kukupinga. Ninakuomba tu, kama bado kuna bibi aliyesimuliwa na waliokuwepo, mrekodi mwezi huu, usingoje mavuno.

Nami nimeanza. Jumamosi nilimtafuta yule mzee wa kwanza, nikamkuta nyumbani kwake Iyunga akipalilia maharage, nikamwomba anisimulie upya habari za 1983 simu ikiwa imewashwa. Alikubali, akanawa mikono, akavaa koti kabisa. Alizungumza kama dakika 50. Nilipokuwa ninaaga, aliniuliza kama nimekwisha kwenda kwa mwenzake, yule wa doti nane. Nikasema bado. Akaingia ndani akatoka na kofia, akafunga mlango, akasema twende wote, kwa sababu yule bwana akisimulia peke yake atasahau kusema kwamba sabuni ilirudi madukani, na mimi nikisimulia peke yangu, mwanangu, sitaki kusema habari za mjomba wake.